Fundi Aliyekataa Zipu ya Mgongoni

Ukiingia kwake mara ya kwanza hakukusalimia kabla hajakuzunguka. Alikuzunguka taratibu, kama mtu anayeangalia gari la kununua, halafu akaishika nguo yako begani kwa vidole viwili, kama ameokota mjusi, na kuuliza: "Hii ni ya nani?" Wageni walijibu kwamba ni yao, wameinunua wenyewe madukani hapa Merrylands, nchi ya kangaruu, risiti wanayo. Sisi tuliomzoea tulinyamaza, maana jibu lake tulilijua. Nguo unayoivuta chini kila ukiinama na kuipandisha begani kila ukiinuka si yako, alisema, ni ya mwanamke mwingine asiyeinama, na mwanamke huyo hajawahi kuonekana mtaani kwetu.

Tulimwita Fundi. Wanawake wa Kenya walimwita Fundi, sisi Warundi tukamwita Fundi, hata watoto wetu wanaojibu kila kitu kwa Kiingereza walisema Fundi. Alizaliwa wapi na ukoo gani sikumuuliza, na yeye hakuniuliza mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, cha kukata maneno haraka. Changu ni cha kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kimechanganyika na Kirundi, na mjukuu wangu Neema anasema kinasikika kama mtu anatwanga. Tulielewana vizuri. Tulipogombana tulielewana vizuri zaidi.

Alikuwa mwanamke mrefu na mkavu, mwenye sauti nzito iliyowashtua watu kwenye simu. Aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya uani, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa Kilebanoni, barabara tatu kutoka kwetu, na gereji ya yule mzee ndiyo iliyokuwa karakana yake. Humo mlikuwa na cherehani mbili, moja ya umeme na moja nyeusi ya mkono, kioo kirefu chenye ufa, birika, kopo la vifungo, na kiti kilicholegea mguu mmoja ambacho alisema ni cha waume. Mume akija na maoni yake aliambiwa akae pale. Hawakukaa sana.

Sasa niseme jinsi alivyopima, kwa sababu mimi nimeshonewa nguo katika nchi tatu na sijaona fundi mwingine akipima hivyo.

Mafundi wote niliowajua wanakusimamisha wima kama mti wa simu, mikono pembeni, wanazungusha tepu, basi. Huyu hakukugusa mpaka uje na mzigo wako. Kama una mtoto mchanga, mlete. Kama mtoto ana miaka mitatu na bado analilia kubebwa, mlete vilevile. Alikupima mtoto akiwa kiunoni. Alikupima umeinama kana kwamba unamwogesha. Alikuketisha akakwambia upeleke mkono nyuma, kana kwamba unamfunga mkanda kwenye kiti cha gari, na hapo tena akapima. Mwisho kabisa, akikumbuka, alikupima umesimama.

"Kusimama wima ni kwa askari," alisema. "Wewe mama, kwa siku unasimama wima dakika ngapi?"

Na tepu ilipofika kiunoni kila mwanamke alifanya jambo lile lile. Najua unalijua. Alivuta tumbo ndani. Fundi aliiachia tepu ikaning'inia, akaenda kumimina chai, akainywa polepole akiangalia nje, mpaka yule mwanamke achoke. Ndipo akarudi. "Usivute tumbo. Pumua. Mimi sishonei mwili wa mwaka jana." Na kama ni mama aliyejifungua juzi, anayeomba nguo ibanwe kidogo kwa sababu anakusudia kupungua, aliambiwa kwamba wa mwakani pia hashonei. Anashonea huu uliopanda ngazi yake leo.

Mimi mwanzoni niliona ni kiburi. Baadaye niliona wanawake wakitoka pale. Wengine nilikuwa nawaona kila siku kituo cha treni wakikimbia na mikoba mitatu, sweta limefungwa vifungo kombo. Walitoka gereji ile wakitembea kama watu walioitwa mbele kanisani kupewa zawadi. Wala hazikuwa nguo za sherehe. Zilikuwa nguo za Jumanne. Kitenge chenye maua aliweka begani na kifuani, mahali mtoto anapotapika, ili doa lisionekane. Kiunoni aliweka kitambaa kisicho na picha, cha rangi ya giza, ili jicho lipite. Mikono aliikatia chini kidogo ya kiwiko, maana mwenye kuosha vyombo na watoto hana haja ya mkono unaoloa. Mfuko aliuficha ndani ya mshono, mrefu, simu iingie yote isitokeze kama nundu. Na mama anayenyonyesha alifichiwa mlango wake chini ya rinda. Hata mimi mwenye macho makali nilimtafuta mama mmoja mlango huo ibada nzima nisiuone.

Jambo moja tu alikataa, hata ungepiga magoti. Zipu ya mgongoni.

"Zipu ya mgongoni ni ya mwanamke mwenye mtu wa kumfunga," alisema. Kwa maelezo yake, nchi hii asubuhi hakuna mtu. Mume ameshaondoka na treni kwenda mjini, au bado hajarudi kutoka zamu. Dada yako yuko kambini, mama mkwe yuko kwenye simu. Uko wewe, mtoto analia, na zipu imekwama katikati ya mgongo mahali ambapo mkono wako haufiki. Mwanamke anavua, anavaa ile fulana ya jana, siku imeshaharibika kabla ya saa mbili. Zipu itakaa mbele au ubavuni. Nilimjibu kwamba binti yangu akiamka asubuhi mimi nipo, nitamfunga.

"Na ukifa?" akaniuliza.

Ndivyo alivyokuwa. Nikamwambia nikifa atavaa nyeusi, na nyeusi ashone yeye.

Usidhani alipenda watoto. Aliwaonea, tena waziwazi. Neema wangu alipokuwa na miaka mitano aliambiwa asiguse cherehani, akagusa, akapigwa jicho moja mpaka leo analikumbuka. Lakini lile kopo la vifungo lilikuwa la kazi gani? Alilimwaga kwenye sinia, akawaambia watoto wamtenganishie vyeupe na vya rangi, na mama zao wakapata nusu saa ya kupimwa bila kuvutwa sketi. Watoto wakiondoka alivichanganya tena kwa mkono. Nilimwona.

Hakusifu pia. Gauni likikaa vizuri mpaka mwenyewe unataka kulia, alisema, "Haya, ondoka." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Nilikuwa nampelekea sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye sufuria, akalalamika kwamba sisi Warundi tunaweka mafuta kama tunapika gari, na Jumatatu sufuria ikarudi imefutwa hata harufu hamna.

Tena kulikuwa na neno moja lililokatazwa gereji ile. Mama akisema, "Aah, Fundi, shona tu, nani ataniangalia?", alisimamisha cherehani. Alimshika mabega, akampeleka mbele ya kile kioo chenye ufa, akamwacha pale. Huwezi kuondoka mpaka useme mwenyewe umemwona nani. Kuna dada mmoja wa Kenya, nesi, alisimama mbele ya kioo mpaka chai ikapoa. Alipogeuka alisema, "Nimejiona mimi, na nimechoka." Fundi akamshonea koti jepesi la rangi ya machungwa, na mpaka leo yule dada nikimwona kwa mbali najua ni yeye.

Sasa nije kwa binti yangu, maana deni la shukrani yangu liko hapo.

Riziki ni mwanangu wa kwanza. Nilimbeba mgongoni kuvuka mpaka, akasoma kambini akiandika mchangani, na alipofika hapa akawa mtu wa kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Ana watoto watatu, wote wana akili, sitaki kuongea sana. Lakini mimi nasema wazi: ule mwaka wa pili wa korona, tulipofungiwa majira yale ya baridi, binti yangu alikuwa amechakaa. Tumaini, wa mwisho, alikuwa na miezi saba. Riziki akiwa kazini alivaa sare ya kazi na plastiki juu yake. Akirudi alioga, akaingia ndani ya lile joho zito la manyoya ya bandia wanalouza hapa wakati wa baridi, lenye kofia, na mfuko mmoja mkubwa tumboni kama kangaruu. Ndani ya joho lile alipika, alinyonyesha, alisimamia masomo ya Neema kwenye kompyuta, alilala. Mkwe wangu alikuwa ghalani upande wa Penrith zamu baada ya zamu. Helikopta ya polisi ilikuwa inapita juu ya mapaa yetu kuangalia nani katoka, na binti yangu hakuinua hata kichwa kuitazama.

Kioo cha chooni alikitundikia taulo. Alisema hakuna pengine pa kulianika.

Basi kazini kwao nafasi ya msimamizi wa zamu ikawa wazi. Miaka nane amefanya kazi pale. Wazee wenyewe walimwita yeye hata mwingine akiwepo. Mkuu wake akamwambia aombe, akaomba, akaitwa kwenye usaili Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwa kompyuta, kwa sababu ya korona. Siku mbili baadaye namkuta anaandika ujumbe wa kujitoa. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia hana cha kuvaa. Nikamwambia mtu hakatai ukubwa kwa sababu ya nguo. Akasema, "Mama, nguo zangu zote ni za mtu ambaye simjui tena."

Hapo nilielewa kwamba si suala la nguo. Au ni la nguo kabisa, sijui. Nilimwomba asiutume ule ujumbe mpaka Jumatatu, nikampigia Fundi.

Fundi naye alikuwa amefunga gereji. Hakuna kupima mtu, hakuna kuingia ndani. Alikuwa anashona barakoa za vipande vya vitenge na kuzitundika getini, mtu apite achukue. Nilipomweleza, aliniambia: wewe utakuwa mikono yangu. Chukua utepe wa nguo usiovutika. Mpime mwanao, ukate. Wa kifua upige fundo moja mwishoni, wa kiuno mafundo mawili, wa nyonga matatu, wa urefu manne. Uje unitundikie getini. Nilishukuru hakutaka namba, maana mimi shule niliacha darasa la nne na tepu ya hapa ina namba pande mbili.

Nikampima Riziki. Alisimama ndani ya fulana, macho ukutani, Tumaini analia kitandani. Nikazungusha utepe. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Kwetu mama akishazaa, nguo haimgusi. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyovaa. Mama yangu alipokuwa anapimisha nguo alimwambia fundi aongeze vidole vinne vya heshima. Vidole vinne kifuani, vinne kiunoni, vinne nyongani, upepo upite, mtu asijue chini kuna nini. Nami nikaweka vidole vyangu vinne juu ya kila utepe kabla ya kukata. Ninyamaze lipi niseme lipi? Nilikuwa pia namwonea haya. Nilimwona mwanangu kwenye ile fulana, tumbo la watoto watatu, nikafikiri, afadhali afunikwe.

Tena sikumpima akiwa amembeba mtoto. Fundi alisema apimwe naye, mimi niliona analia, nikapuuza.

Jumapili mchana mfuko ukaja kutundikwa getini kwetu. Gauni la kijani iliyoiva, kitambaa kizito kidogo, kola ya kitenge cha manjano, zipu mbele imefichwa. Mshono ulikuwa kama mstari wa kitabu. Riziki akaenda chumbani, nikamsikia anafungua zipu, nikangoja. Alipotoka, nguo ilisimama peke yake na yeye alikuwa ndani, kama mtu amekodi hema. Neema alicheka, halafu akaacha.

Riziki hakucheka. Aliangalia mikono, akashika kitambaa kilichozidi kiunoni, kilijaa ngumi mbili. Akaniuliza, taratibu tu: "Mama, ndivyo unavyoniona?"

Alirudi chumbani akavaa joho lake la manyoya. Gauni akalitandika vizuri kitandani kwangu, kana kwamba ni langu.

Tulikuwa tunaruhusiwa kutoka kutembea kidogo karibu na nyumba, barakoa usoni. Nilichukua gauni nikatembea barabara zile tatu. Fundi alikuja mpaka ndani ya geti lake, mimi nikabaki nje. Alilichukua, akaligeuza ndani nje, akatazama mishono yake, halafu akaleta zile tepe zangu nne na kuzinyoosha juu ya geti.

"Uliongeza," alisema.

Nikamwambia vidole vinne. Vya heshima.

Nilijua atanitukana. Angenitukana ningepumua. Aliniuliza tu, heshima ya nani. Nikasema ya mama. Akauliza mama yupi, yule anayevaa au yule anayepima. Nikaangalia viatu vyangu. Basi akaniambia, kwa ile sauti yake nzito ambayo siku ile aliipunguza: "Mama Riziki, mtu akipimwa kwa uongo anajua. Hata kama hajaona tepu, mwili wake unajua." Halafu akasema kesho saa nne asubuhi tuwe nje kwenye baraza letu, mimi na Riziki na mtoto, na yeye atapita akifanya mazoezi yake kama serikali ilivyosema.

Kumshawishi Riziki atoke ilikuwa kazi. Nilimwambia ukweli wote, vile vidole, na ile haya. Nilisema, nilijipima mimi mwenyewe, si wewe. Hakusema amenisamehe. Alimchukua Tumaini, akavaa barakoa, akatoka.

Fundi alisimama kando ya barabara, nje ya uzio, amevaa barakoa ya kitenge na lile sweta lake. Hilo sweta sijalisema bado. Lilikuwa la kiume, la bluu ya giza, limetoboka viwiko vyote viwili, limechomekwa pini kila mahali. Miaka yote niliyomjua, kiangazi na baridi, mwanamke aliyetuvalisha mtaa mzima alivaa sweta lile na sketi iliyofumuka pindo. Alisimama pale akaniamrisha kwa sauti, majirani wote wakisikia. Mtoto kiunoni. Zungusha. Usilegeze. Sasa ainame. Riziki, inama kama bafuni, mshike mtoto. Zungusha tena. Mama Riziki, hicho kidole kitoe.

Nikakitoa.

Ilipofika kiunoni nikaona tumbo la mwanangu linaingia ndani. Nikataka kusema, lakini Fundi alikuwa ameshaona kutoka barabarani, na barakoa juu. Hakuwa na chai, kwa hiyo aligeuka akaangalia mti wa jirani. Tukangoja. Tumaini akashika utepe akautia mdomoni. Basi nikamsikia Riziki anapumua, pumzi ndefu, kama mtu aliyeweka ndoo chini baada ya safari. Na baada ya ile pumzi alicheka kidogo, kwa sababu ya mtoto. Nilipima hapo hapo.

Nikazitundika tepe kwenye uzio, nikarudi nyuma, Fundi akaja kuzichukua. Ndipo nikamuuliza, maana nilikuwa nimeaibishwa mbele ya majirani na mimi si mtu wa kuaibishwa peke yangu. Nikamwambia, na wewe, hilo sweta ni la nani?

"Hili?" akasema. "Aah, mimi nani ataniangalia?"

Neno lilimtoka hivyo hivyo. Akalisikia. Nami nikalisikia. Tulibaki tumetazamana juu ya barakoa, na mimi ndiye niliyekuwa na nafasi ya kumpeleka mbele ya kioo, lakini kioo hakikuwepo. Alikunja tepe zake akaondoka haraka.

Gauni lilirudi Jumatano. Ndani ya mfuko mlikuwa na kikaratasi kinachosema avae na viatu. Riziki akasema kwenye kompyuta watamwona kifuani tu, viatu vya nini? Nikampigia Fundi mbele yake. Fundi akasema mtu aliyevaa ndala chini ya meza uso wake unajua. Alhamisi asubuhi mwanangu alisimama chumbani, akapandisha zipu yake ya mbele kwa mkono mmoja, Tumaini yuko kwenye ule mwingine, na nguo ikakaa. Haikumbana, wala haikumficha. Tumbo lilikuwepo, lilikuwa lake, na nguo ililipita kwa adabu. Akaliondoa taulo kwenye kioo cha chooni. Nilisimama mlangoni, nikasema tu, "Haya, ondoka."

Alikielewa kile nilichokisema.

Sisemi gauni lilimpa kazi. Kazi alipewa na miaka nane yake na akili yake, ambayo ameitoa kwangu. Lakini ule ujumbe wa kujitoa haukutumwa, na nguo tatu zaidi alishonewa baadaye, ya kijani, ya bluu, ya udongo. Kila Jumamosi mchana anazitundika kwenye ndoano moja pamoja na mitandio yake, kama Fundi alivyomwelekeza, ili asubuhi mkono uchukue bila kichwa kufikiri. Joho la manyoya bado lipo. Analivaa akitaka, siku hizi akitaka analivua.

Mlango wa gereji ile ulifunguliwa tena mtaa ulipofunguliwa, lakini si kwa muda mrefu. Vidole vya Fundi vilikuwa vimeanza kukakamaa. Yule mzee wa Kilebanoni aliuza nyumba, na mpwa wa Fundi, anayekaa Penrith, akamchukua akamweka chumba chenye mlango wake mwenyewe, na uwanja mkubwa wenye nyasi. Cherehani ya umeme alimwachia Neema. Ndiyo, yule yule aliyempiga jicho. Ile nyeusi aliondoka nayo.

Nilikwenda kumwona mara ya kwanza siku moja ya kiangazi, ule mwaka watu walipoanza kuacha barakoa nyumbani. Nilimchukua Tumaini, sasa anatembea na kupiga kelele, tukapanda treni mpaka mwisho wa dunia. Nilibeba sombe. Riziki alikuwa aje kutuchukua na gari saa saba, tuende sote kwenye ibada ya shukrani ya mtoto wa yule dada nesi, na mimi nilimtumia Fundi ujumbe kwamba safari hii haniambii hana nafasi.

Nilibisha hodi. Akasema ingia, lakini hakuja mlangoni. Nikamkuta katikati ya chumba, amenipa mgongo. Sweta lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Alikuwa amevaa gauni. Rangi ya zambarau iliyokolea, mabega yake marefu yamekaa kama ya mtu kwenye picha, mikono chini ya kiwiko, pindo limenyooka. Na mgongo wote ulikuwa wazi, kutoka shingoni mpaka kiunoni, amekishika kitambaa kwa mkono mmoja nyuma kisianguke.

Zipu ya mgongoni.

"Umechelewa," alisema, hakugeuka. "Nimesimama hivi tangu saa nne."

Nikaweka sufuria chini. Nilimwambia treni ilikawia, nikamkumbusha alivyotuapia miaka yote hiyo kwamba zipu hizi hashoni. Akasema hakubadilisha neno. Alisema zipu ya mgongoni ni ya mwanamke mwenye mtu wa kumfunga, na tangu mwezi uliopita nilishamwambia nakuja. Gauni alilishona vile vidole vikiuma, wiki tatu, kwa ile cherehani ya mkono.

Nilisogea nikashika zipu. Mgongo wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyofikiri, wa mtu aliyekula peke yake muda mrefu. Ilipanda vizuri mpaka katikati, halafu ikakwama. Nikavuta, haikwenda. Tumaini alikuwa amekaa sakafuni na kopo la vifungo, anavimwaga. Nikaweka mkono ubavuni mwa Fundi kuishika nguo, na hapo nikahisi kilichokuwa kinatokea chini ya kitambaa: mbavu zimetuna, mgongo umekaza.

"Usivute tumbo, Fundi," nikamwambia. "Pumua."

Aliangalia dirishani kidogo. Halafu akaachia pumzi yote, na zipu ikapanda mpaka shingoni.